Sindano au Mpira: Namna Mbili za Kutoa Usaha wa Ini



Sisi tunaowatembelea wagonjwa tumezoea kusikia jamaa wakiuliza mlangoni: "Kwa nini ndugu yetu amewekewa mpira ubavuni, hali mwenzake alichomwa sindano tu?" Swali hilo lina uzito, kwa kuwa mpira huogopesha, na kila siku ya kulala hospitalini ina gharama yake.

Jipu la ini huletwa na bakteria, au na amiba iliyoingia mwilini kwa maji au chakula kichafu. Lile la amiba mara nyingi hupona kwa metronidazoli pasipo kutolewa usaha. Lakini jipu likiwa kubwa, likikaribia kupasuka, au lisiposikia dawa, usaha hauna budi kutolewa. Zamani tumbo lilipasuliwa. Leo daktari huongozwa na ekografi, akapenya ngozi kwa tundu dogo. Ama huuvuta usaha kwa sindano na kuichomoa, ama huacha mpira mwembamba uendelee kuutoa kwa siku kadhaa.

Ipi iliyo bora? Katika utafiti wa India uliochapishwa mwaka 1998, wagonjwa 50 waligawanywa nusu kwa nusu. Mpira uliwafaa wote 25. Sindano, iliyotumika mara moja au mbili tu, iliwafaa 15. Utafiti wa Hong Kong wa mwaka 2004, wenye wagonjwa 64 wa jipu la bakteria, ulikuta sindano haikupitwa na mpira. Lakini huko sindano ilirudiwa kila ilipohitajika.

Hapo ndipo penye fundisho. Usaha mzito hauishi kwa mvuto mmoja, na shimo lililokauka leo laweza kujaa tena kesho. Kwa jipu dogo sindano yatosha mara nyingi. Likizidi sentimita 5, madaktari wengi huchagua mpira.

Basi tusiwashauri jamaa kumkimbiza mgonjwa nyumbani kwa sababu homa imeshuka baada ya sindano ya kwanza. Tuwasaidie kumwuliza daktari maswali mawili: jipu lina ukubwa gani, na litapimwa tena lini? Aliyewekewa mpira asiuchomoe mwenyewe, na kila mgonjwa amalize dawa zake. Sindano ni njia njema, ila yataka mtu atakayerudi.