Tabora, mji uliojitengenezea hela
Ukishuka na wanao stesheni ya Tabora, wasimulie hili. Katika Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Uingereza zilifunga pwani, na sarafu kutoka Ujerumani hazikufika tena. Mwaka 1916 karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha pesa. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke ikawa rupia 15 yenye picha ya tembo. Shaba ikawa heller 20, sarafu ya mtu wa kawaida. Rupia ya tembo ilibeba thamani yake yenyewe. Heller ilibeba ahadi ya serikali tu. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliuteka mji, na walioahidi wakaondoka. Neno likabaki: mwanao akikuomba hela leo, anaitaja heller bila kujua.