Nani Anabaki Nyuma?

Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, tulifurahi. Lakini je, basi likiharibika njiani?

Tulikuwa tukitoka Dodoma kwenye semina ya kanisa. Karibu na Gairo, saa nane usiku, basi likazimika. Kondakta aliahidi basi jingine, akadandia lori, akatokomea. Wenye fedha walisimamisha magari wakaondoka. Tulibaki wanawake, wazee na watoto.

Mama mmoja kijana alikuwa na mtoto wa wiki mbili. Miguu ya mtoto ilikuwa ya baridi, naye alikataa kunyonya. Sisi wauguzi twajua kichanga hupoteza joto upesi. Tulimbakiza na nepi tu, tukamlaza kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, tukamfunika kichwa, tukawazungushia khanga zetu. Mama aliona haya. Tukawapa mgongo, tukawa ukuta. Kabla ya alfajiri mtoto alinyonya. Tulipofika Morogoro tuliwasindikiza hospitali.

Mpenzi msomaji, safari ya usiku yataka maji, tochi na khanga ya ziada. Tena, kabla hujapanda gari la kwanza linalosimama, geuka utazame: nani anabaki nyuma?