Ufunguo wa Kabati la Laboratwari

Niliombwa kuandika juu ya kazi ya kapita wa shule, yaani mistari ya asubuhi na taa za interna. Lakini hayo mnayajua, na kengele mnaisikia kila siku. Mimi nataka kuandika juu ya ufunguo mdogo wenye kamba nyekundu, ule ninaovaa shingoni tangu mwezi wa tisa.

Ni ufunguo wa kabati la laboratwari. Wengi hupita mbele ya kioo chake bila kusimama. Ndani mna bokali za nyoka, vyura na kinyonga, sanduku mbili za vipepeo waliochomwa pini, majani makavu yaliyobandikwa juu ya karatasi, mawe, na kichwa cha kima pamoja na taya lake la chini. Vyote ni vitu 83, nilivihesabu mara mbili. Vingine viliokotwa na wanafunzi ambao leo ni wazee. Mwalimu wa biolojia alinipa ufunguo pamoja na kaye, akasema kitu kisitoke bila kuandikwa: namba, jina, kalasi, siku ya kutoka, siku ya kurudi, na namna kilivyo. Nikaitika. Nilifikiri ni kazi nyepesi.

Mwezi wa kwanza niliandika vizuri. Kisha wafinalisti wenzangu wakaanza kunifuata usiku: "Kapita, fungua tu. Sisi tuko tunatayarisha egzameni ya Serikali, na weye unatuletea mambo ya kaye?" Nikaona haya, nikafungua. Kwa wadogo, lakini, nilikuwa mkali sana. Mtoto mmoja wa kalasi ya pili, jina lake silitaji, alikuja mara nyingi: "Yaya, niangalie tu kinyonga, sitagusa." Nilimfukuza kila mara. Siku moja mwalimu mwenyewe akamruhusu kuchukua kichwa cha kima akichore. Nikaandika jina lake kwa herufi kubwa. Kesho yake alikirudisha mikononi mwangu, kizima. Lakini nilikuwa na haraka ya kwenda mpira, sikuandika kitu.

Mwezi wa pili taya likakosekana. Kaye ikafunguliwa mbele ya Prefe. Kwenye namba 41 jina la mwisho lilikuwa la yule mtoto, na mahali pa kurudisha ni peupe. Akasema, "Nilirudisha. Yaya kapita anajua." Wote wakanitazama. Nikasema, sikumbuki. Ulikuwa uongo. Nilikumbuka sana, ila niliogopa kuulizwa juu ya zile usiku. Mtoto alilima shamba la shule siku 4, na wenzake wakamwita mwizi wa meno.

Taya lilipatikana siku ya usafi, chini ya kitanda cha rafiki yangu, ndani ya soksi. Hakuiba, alisahau tu. Usiku ule sikulala. Asubuhi nilikwenda kwa Prefe nikaeleza yote. Nililima siku 8 (udongo wa kule karibu na miavoka ni mgumu, nawaambia). Prefe alimwomba mtoto msamaha mbele ya mistari yote, na mimi nikaomba. Alijibu "Ndiyo", basi, akarudi mahali pake.

Ufunguo sikunyang'anywa. Mwalimu alisema nibaki nao nitengeneze nilichoharibu. Hapo ndipo niliona mengine. Bokali mbili za vyura zilikuwa zimebadilishwa etiketi, zikaandikwa upya kwa biki, na alkoli ikafuta wino wote. Mmoja alitoka mtoni na mwingine kwenye bwawa, lakini nani ni nani? Mwalimu akasema chura asiye na mahali wala siku ya kukamatwa hawezi kutufundisha mengi. Sasa tunaandika kwa kreyoni, ambayo alkoli haiifuti, na karatasi tunaitia ndani ya bokali. Nanyi mnaopunguza alkoli usiku, sitaji bweni: bokali nyingine zina formoli, na formoli ni sumu.

Mwalimu alinisimulia habari ya tausi wa Kongo. Mwaka 1913, kule Avakubi katika Ituri, Mmarekani James Chapin aliona unyoya katika kofia ya mtu. Hakumjua ndege wake. Akautunza. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa kando, na etiketi inasema ni tausi wachanga wa Uhindi. Unyoya ule ulikuwa wa ndege hao! Mwaka huohuo akawapa jina Afropavo congensis. Unyoya ulingoja miaka 23. Kama angeukopesha bila kaye, ungekuwa wapi?

Pia nilijifunza kwamba makusanyo makubwa ya mimea, kama yale ya Yangambi, hukopeshana karatasi za majani hata mbali sana, kwa barua na muda uliowekwa. Anayeona jina limekosewa haling'oi. Anabandika kikaratasi chake kando, na jina lake na tarehe.

Basi utaratibu mpya ni huu. Kabati linafunguliwa Jumatano na Jumamosi, saa tisa mpaka saa kumi na moja, kwa kalasi zote, hata ya kwanza. Bokali hazitoki chumbani. Mifupa na mawe yanaweza kutoka siku 3, mwalimu akitia sahihi. Siku ya kurudisha, usiende kabla hujaniona ninaandika. Wafinalisti wanasema nimekuwa polisi. Waseme.

Mwezi wa saba naondoka, na ufunguo unataka mtu. Nilimwendea yule mtoto wa kalasi ya pili. Akakataa: "Yaya, tengeneza kwanza jina yangu mu ile kaye." Nilitaka kujaza pale peupe, mwalimu akanikataza kuandika leo kama vile niliandika siku ile. Nikakata kikaratasi, nikaandika kwa kreyoni: "Namba 41 ilirudishwa kesho yake, nzima. Kosa ni la kapita." Nikaweka tarehe ya leo na sahihi, nikabandika kando. Alisoma mara mbili, kidole juu ya mstari. Kisha akauliza kama anaweza kuona kinyonga.