Baridi Imekwenda Wapi?

Zamani kiyoyozi, yaani ile mashini tunayoiita klimatizeri, kilikuwa kitu cha ofisi kubwa na cha hospitali. Siku hizi tunakiona hata katika nyumba za watu wa kawaida, hasa hapa Lubumbashi, ambako mwezi wa Oktoba jua huchoma mabati kabla mvua haijafika. Jamaa wanakusanya fedha, wananunua mashini, wanaifunga ukutani, wanafurahi. Mwaka wa kwanza chumba kinapoa vizuri. Mwaka wa pili kinapoa kidogo. Mwaka wa tatu mashini inanguruma usiku kucha, deni la umeme linapanda, na watu wanalala jasho likiwatoka. Hapo wote husema neno moja: "Gesi imekwisha."

Neno hilo tunataka kulichunguza leo, kwa sababu linakula fedha za watu wengi.

Kwanza tujue mashini yenyewe inafanya kazi gani. Wengi wanafikiri inatengeneza baridi, kama vile jiko linavyotengeneza moto. Sivyo. Kiyoyozi ni mchukuzi: kinabeba joto la ndani na kulitupa nje. Katika mabomba yake ya shaba mnazunguka gesi. Inapoingia katika sanduku la ndani huwa imegeuka maji yenye baridi kali. Humo inachemka, na katika kuchemka inanyonya joto la chumba, kama jasho linavyonyonya joto la ngozi likikauka. Kisha kompresa iliyo nje inaivuta na kuibana mpaka inakuwa moto sana. Feni ya nje inapuliza hewa, joto linatoka, gesi inakuwa maji tena, inapita katika njia nyembamba, inapoa na kurudi ndani. Ndivyo inavyozunguka saa zote.

Tena kiyoyozi hukausha hewa, ndiyo maana hutiririsha maji. Mmarekani Willis Carrier alipochora mashini yake mwaka 1902, hakufikiri usingizi wa mtu. Aliichora kwa ajili ya kiwanda cha kupiga chapa huko Brooklyn, ambako unyevu wa hewa uliharibu karatasi, rangi zisikae mahali pake.

Sasa tazameni. Gesi hiyo inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Hailiwi kama petroli ya motokari. Haipungui kama mafuta ya taa. Mabomba yakiwa mazima, gesi ileile inaweza kufanya kazi miaka kumi na zaidi. Basi, kama gesi imepungua, kuna mahali inapovuja. Na kama haivuji popote, gesi haikupungua, na ubovu uko kwingine. Hakuna njia ya tatu.

Katika mtaa wetu yuko mama mjane mwenye ugonjwa wa presha. Watoto wake walimnunulia kiyoyozi ili apate kulala. Siku moja alituita akasema: "Mwalimu, fundi amekuja mara tatu, na mara tatu ametia gesi. Fedha hizo nilizitoa katika fedha za dawa. Sasa anataka ya nne. Nimpe?"

Tulimwomba angoje kidogo. Tukamtafuta kijana mmoja aliyejifunza kazi ya mashini za baridi, tukaenda naye, tukasimama karibu kutoka asubuhi mpaka saa nane. Tutawaeleza kazi yake kwa taratibu aliyoifuata, maana taratibu hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye ubovu.

Hakufungua mfuko wake upesi. Aliuliza kwanza: "Mama, ilianza lini? Inashindwa mchana tu, au hata usiku?" Kisha akapima kwa kipimajoto. Hewa iliyoingia katika mashini ilikuwa na digrii 29, iliyotoka ilikuwa na digrii 24. Akatuambia kwamba mashini nzima hupunguza kama digrii 8 mpaka 12. Hii ilipunguza 5 tu.

Jambo la pili, alifungua kifuniko na kutoa chujio. Lilikuwa zito kwa vumbi kama blanketi kuukuu. Akaliosha kwa maji na sabuni, akaliweka kivulini likauke. Kazi hii haina haja ya fundi. Wakati wa kiangazi, vumbi likiwa jingi, kila nyumba iifanye baada ya wiki mbili. Nyuma ya chujio tuliona barafu juu ya mabomba. Mama akasema: "Kama kuna barafu, si baridi iko?" Kijana akajibu: "Hapana, mama. Barafu hii inaziba njia ya hewa." Tena barafu ina maana mbili: ama hewa haipiti, ama gesi ni kidogo. Mwenye kutaka kujua ni ipi, sharti aondoe uchafu kwanza. Akazima mashini, barafu ikayeyuka yenyewe. Msiikwangue kwa kisu hata siku moja, maana kisu hutoboa bomba.

Jambo la tatu, alikwenda nje. Akakata umeme kabisa, akafungua sanduku. Humo mna kapasita, kikopo kidogo kinachosaidia kompresa na feni kuanza. Kikopo hiki hutunza umeme hata baada ya kukatwa, nacho kinaweza kumpiga mtu vibaya; kwa hiyo asiye fundi asikiguse. Kilikuwa kimeandikwa mikrofaradi 35, akapima akapata 34. Ni kizima. Lakini mapezi ya sanduku la nje yalikuwa yamezibwa na vumbi jekundu la barabara, na joto halikupata mlango wa kutokea. Akayaosha kwa maji yasiyo na nguvu, kutoka ndani kwenda nje, yasipindike.

Akawasha, akapima tena. Mashini ikapunguza digrii 7. Ni afadhali, lakini haitoshi. Baada ya muda bomba jembamba la nje likaota barafu. Sasa uchafu ulikuwa umeondolewa, hewa inapita, na barafu bado ipo. Basi hapo ndipo aliposema, "Gesi ni kidogo kweli," lakini hakuchukua chupa. Alichukua povu la sabuni.

Akapaka povu kwenye kila nati. Kwenye nati moja ya nje palikuwa na alama ya mafuta, na povu likaanza kuvimba vipovu vidogo. Mdomo wa bomba ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Gesi ya mara tatu ilitokea hapo, na ya nne ingetokea hapo hapo.

Akaivuta gesi iliyobaki katika chupa yake, akakata mdomo mbovu, akatengeneza mpya. Akajaribu mabomba kwa naitrojeni. Alituonya kwamba wako watu wanaotumia oksijeni ya kuchomelea vyuma: oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa yaweza kulipuka na kuua. Kisha akanyonya hewa yote kwa pampu, akangoja kuona kama mabomba yanashika. Mwishowe akaweka chupa juu ya mizani, akatia gesi kwa uzito ulioandikwa kwenye kibati cha mashini, bila kubahatisha. Ilikuwa R-410A, ambayo ni mchanganyiko wa gesi mbili. Kwa hiyo hutiwa ikiwa maji, zisitoke kwa kipimo kisicho sawa. Kipimajoto kikaonyesha 28 ikiingia, 17 ikitoka.

Ufa huo haukuwa hasara ya mama peke yake. Gesi ya zamani, R-22, huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na ukali wa jua, na mataifa yalipatana mwaka 1987 huko Montreal kuanza kuzipunguza gesi zinazoharibu ozoni. R-410A haiharibu ozoni, lakini kilo moja ikitoka hewani hupasha dunia joto sawa na tani mbili za hewa ya ukaa. Ndiyo maana mataifa yalikutana tena mwaka 2016, karibu yetu, mjini Kigali, yakapatana kuzipunguza hizi nazo. Gesi mpya, kama R-32 na R-290, zinaweza kushika moto. Fundi azifanyie kazi mbali na sigara na moto wowote.

Mara nyingine mashini haina kosa. Ya BTU 9000 hutosha chumba cha meta za mraba 12 mpaka 15. Haiwezi sebule kubwa. Bati lisilo na dari hushusha joto chumbani kutwa nzima. Na umeme ukiwa dhaifu jioni, kompresa hushindwa kuanza. Hapo tieni dari, zibeni nafasi za madirisha, pimeni umeme, kabla ya kununua mashini nyingine.

Lakini tuseme kweli: tusimhukumu yule fundi wa kwanza peke yake. Sisi wenye nyumba tunapenda kulipia kitu tunachokiona. Fundi akileta chupa, tunatoa fedha. Akitumia saa sita kuosha, kupima na kutafuta ufa, tunamwambia, "Umefanya nini hata tukulipe?" Hivyo tunamfundisha kuuza gesi. Yule mama alimlipa kijana siku nzima ya kazi bila kunung'unika, na hesabu yake ilikuwa ndogo kuliko gesi ya mara mbili.

Basi, wasomaji, mkiambiwa gesi imekwisha, msimfukuze fundi, wala msifungue mkoba upesi. Mwulizeni kwa heshima mambo matatu: Imetokea wapi? Umeosha ndani na nje? Utaitia kwa mizani? Mwenye kuijua kazi yake atafurahi kuulizwa. Naye akiisha kuwajibu kwa vipimo, mlipeni haki yake yote.