Itatazamwa Kutoka Wapi?

Kabla umeme haujafika kijijini Migato, mkoani Simiyu, ukubwa wa picha ulipimwa kwa kamba na chaki. Fundi aliyenifundisha kuchora aliandika majina ya maduka, na baada ya mavuno, mashindano ya ngoma yalipoanza, alipamba mabango ya Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu ya ngoma za Wasukuma. Akipewa picha ndogo ya mchezaji aliigawa kwa miraba ya penseli, akachora miraba mikubwa ukutani, kisha akahamisha mraba mmoja mmoja. Uso ulikua mara nyingi na haukuharibika, kwa sababu pale picha ilipokosa kitu, fundi alikitoa kichwani mwake. Kisha alivuka barabara kwenda kuutazama. Siku moja alinikuta nahangaika na kope. "Kijana, nani atalibusu bango hili?" akasema. "Watu wanapita na baiskeli."

Kompyuta niliikuta baadaye, kwenye steshenari mjini Bariadi, nayo haikuwa na kichwa cha kutolea kitu. Wateja walileta picha za simu za wakati ule, nyingi zikiwa na pikseli 640 kwa 480, wakitaka bango. Ukichapa picha hiyo kwa pikseli 300 kila inchi, unapata sentimita 5.4 kwa 4 tu, karibu sawa na picha ya pasipoti. Ukiivuta ifike mita moja, pikseli haziongezeki; kila moja inanenepa, na picha inapasuka.

Hapo ndipo sote tulipoishika namba 300 kama amri. Tuliiweka kwenye kadi za harusi, tukaiweka kwenye mabango, hata kwenye picha za kutazamwa kwenye simu tu. Namba 72 tuliidharau, ingawa ina historia yake: kioo cha kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 kilikuwa na nukta 72 kila inchi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwenye kioo namba hizo hazibadilishi chochote. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080 ni ileile, iwe imeandikwa 72 au 300. Namba hiyo inaiambia mashine ya kuchapa izitandaze pikseli kwa upana gani, basi.

Kilichonifungua macho ni Blender, programu ya bure ya kuunda picha za pande tatu. Humo kompyuta hukokotoa rangi ya kila pikseli, na kompyuta yangu ilikula umeme wa sola. Ukurasa wa A4 kwa 300 ni pikseli 2480 kwa 3508, karibu milioni 8.7. Bango la mita 2 kwa 1 kwa 300 hiyohiyo linafika milioni 279. Likishushwa hadi 100 linabaki na milioni 31, yaani moja ya tisa. Nikaanza kujaribu mwanga na rangi kwa asilimia 25 ya ukubwa, ambayo ni pikseli moja tu kati ya kila 16, na kuacha ukubwa kamili uwe wa mwisho.

Kuanzia 2018 hadi 2020 maonyesho ya wakulima ya Nane Nane kitaifa yalifanyika Nyakabindi, Bariadi, na mabango yakawa kila upande. Nilikuwa nikiyasogelea hadi nione nukta, kisha narudi nyuma hadi zipotee. Jicho zima, karatasi ikiwa sentimita 30 kutoka usoni, hutenganisha nukta zilizoachana kama sehemu moja ya kumi ya milimita. 300 inatokana na hapo. Ukisimama mita 3, mahitaji yanashuka mara kumi, hadi 30 hivi. Fundi wangu alilijua hilo kwa miguu yake.

Tofauti ni kwamba yeye aliamua mwishoni, akiwa ng'ambo ya barabara, na sisi tunaulizwa mwanzoni. Vijana wa Migato wanaochora kwa kidole kwenye simu hutakiwa kutaja ukubwa kabla ya mstari wa kwanza. Wakiniuliza waweke ngapi, nami nawauliza kazi itakuwa na upana gani na mtazamaji atasimama wapi. Maandishi na nembo wavichore kwa vekta, yaani kwa mistari isiyotegemea pikseli; vinakuzwa bila kupasuka. Picha wasiyojua itaishia wapi waianze kubwa, kadiri simu inavyobeba: kupunguza ni kazi ya dakika, lakini kuongeza kisichokuwepo kunahitaji mtu wa kukichora upya.