Nilivyozipoteza picha za mwisho za baba

Hebu nikuulize, msomaji mpendwa: ukiombwa sasa hivi utoe picha ya mtoto wako alipokuwa na umri wa wiki moja, utaitafuta wapi? Katika simu? Katika tarakilishi iliyo sebuleni? Au katika kile kidude cheusi cha kuhifadhia picha, kilichotupwa kwenye droo pamoja na betri kuukuu na funguo zisizojulikana ni za mlango upi?

Kama jibu lako ni "sijui, lakini ipo", basi mimi na wewe tu ndugu. Mimi pia niliishi kwa kuamini kwamba zipo.

Kwetu mimi ndiye mtunza picha. Nilipewa kazi hiyo bila kuulizwa, maana nilisomea uandishi wa habari, na watu wa nyumbani huamini kwamba mwandishi na kamera ni kitu kimoja. Kufikia mwaka wa 2022 nilikuwa na picha zipatazo 20,000. Ukikadiria megabaiti 4 kwa kila moja, hizo ni gigabaiti 80. Kipakatalishi changu cha kazi kikalemewa. Nyingine nikazihamishia kwenye tarakilishi ya mezani, nyingine kwenye diski ya nje, na kila nilipoingiwa na wasiwasi nikanakili zote upya. Folda zikaitwa "Picha", "Picha Mpya", "Picha Mpya 2" na "Picha Mpya Kabisa". Ni ipi iliyokuwa kamili? Mola ndiye aliyejua.

Ndipo nikaweka programu ya kulandanisha tarakilishi hizo mbili, yaani kila kinachofanyika katika moja kifanyike katika nyingine. Nikajipiga kifua. Sasa nilikuwa na nakala mbili!

La hasha! Programu ya aina hiyo haitofautishi kutunza na kuharibu. Ukiongeza picha huku, huongezwa kule. Ukifuta huku, hufutwa kule. Jumamosi moja ya Februari 2023, nikitafuta nafasi, nilifuta "Picha Mpya 2" nikidhani ni marudio. Kabla chai yangu haijapoa, ilikuwa imetoweka katika tarakilishi zote mbili. Nami kwa kupenda usafi, nikamwaga na pipa la taka la kila moja. Diski ya nje je? Nilikuwa sijaiunganisha kwa miezi minane.

Baba alifariki mwezi wa Mei. Kaka yangu alipopiga simu akitaka picha nzuri ya mzee ya kutia kwenye programu ya mazishi, nilimwambia asubiri dakika tano. Nilitafuta hadi majogoo. Ile Krismasi ya 2022, baba akiwa chini ya mwembe amempakata binti yangu mchanga, haikuwepo popote.

Fundi niliyempelekea alinieleza kwamba faili likifutwa, mara nyingi halipotei papo hapo. Nafasi yake huwekwa alama kuwa iko wazi, kisha kazi mpya huandikwa juu yake. Laiti ningaligundua siku ile ile na kuacha kuitumia tarakilishi, pengine angaliokoa kitu. Baada ya miezi mitatu, maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Wifi yangu alikuwa na picha moja aliyotumiwa kwa WhatsApp, ambayo hupunguza ukubwa wa picha. Katika simu ilipendeza. Ilipokuzwa, uso wa baba ulikuwa kama wa mtu anayetazamwa kupitia dirisha lenye mvua. Mwishowe tulitumia picha ya karatasi aliyopigwa bustani ya Uhuru Park mwaka wa 1988. Mama aliitoa kwenye albamu yake kabatini bila hata kuwasha taa. "Mwanangu," aliniambia, "hizi zangu ni chache, lakini najua ziliko."

Usidhani wataalamu hawapatwi na haya. Mwaka wa 1998 kampuni ya Pixar ya Marekani ilikuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2, amri moja ya kimakosa ilipofuta sehemu kubwa ya kazi. Nakala za akiba nazo zikapatikana hazifanyi kazi. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mama aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua.

Siku hizi nafanya hivi. Mkusanyo kamili ni mmoja tu, nao uko katika tarakilishi ya mezani. Kipakatalishi ni kituo cha kupitia. Kila folda hubeba mwaka, mwezi, siku na tukio, kama "2022-12-25 Krismasi nyumbani". Mwaka ukitangulia, tarakilishi huzipanga yenyewe. Kisha nina diski mbili za nje: moja kwangu, nyingine kwa kaka yangu, nasi hubadilishana kila mwisho wa mwezi. Mwizi anayebeba tarakilishi haachi diski iliyo kando yake, na moto haubagui. Mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh, aliufupisha utaratibu huu kwa tarakimu 3-2-1: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani.

Aidha, sifuti kitu kabla ya kukifungua kwa macho yangu katika nakala nyingine mbili. Tarehe za kunakili naziandika katika daftari la kawaida la shule. Wahenga hawakuijua tarakilishi, lakini walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ile picha ya wifi niliichapisha ndogo, kiasi cha kiganja, maana kwa udogo huo uso wa mzee huonekana vyema. Iko ukutani, karibu na kitanda cha binti yangu. Huiuliza kila mara: "Huyu aliyenibeba ni nani?" Nami humweleza.

Leo ni Jumapili, msomaji. Kabla hujalala, ifungue ile droo.