Binti wa Bariadi na wikiendi yake ya Texas: bisi, pamba na simu ya alfajiri

Ukimkuta leo Somanda pale Bariadi, amepanda bodaboda na kilemba chake kichwani, huwezi kujua kama huyu binti amewahi kuuza bisi kwenye mechi za Ijumaa usiku Texas. Mwenyewe hasemi. Mpaka aulizwe, na akiulizwa anaanza na wikiendi moja tu, ile ya mwanzo wa Novemba 2019.

Alikuwa kule kwa programu ya YES. Kwa wasioijua, hii ni programu ya serikali ya Marekani iliyoanza mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya yale mashambulizi ya Septemba 11. Inachukua wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi, Tanzania Bara na Zanzibar zikiwemo, na si lazima uwe Mwislamu. Unakaa mwaka mmoja wa masomo kwenye familia ya watu, unasoma shule yao, unajitolea kazi za jamii. Yeye aliisikia kwa sababu alikuwa bweni mkoa mwingine. Angebaki Bariadi sijui nani angemwambia, maana hata mwalimu wake wa msingi mpaka leo anajua alikwenda "kwa mzungu".

Watu wanadhani ni kula bata. Sikia ratiba.

Ijumaa baada ya masomo, moja kwa moja uwanjani. Texas magharibi, hizi shule za vijijini karibu na Lubbock, mechi ya mpira wao wa kukumbatia ni kama Simba na Yanga imehamia kijijini. Maduka yanafungwa mapema, wazee wanakuja na mablanketi, bendi ya shule inapiga mpaka unasikia kifuani. Yeye na wenzake wa darasa walipangiwa kibanda cha kuuza bisi na soda ili kuchangia safari ya shule. Baridi ile acha. Alivaa soksi pea mbili na bado vidole havisikii. Mzee mmoja akamuuliza katoka wapi, akajibu Tanzania, mzee akasema ooh, Australia! Aliacha ibaki hivyo hivyo, foleni ilikuwa ndefu.

Mechi ikaisha saa 4 usiku. Bariadi ilikuwa saa 12 asubuhi ya Jumamosi, na wenzake aliowaacha darasani walikuwa wanaamka kukariri. Mwezi huo huo walikuwa na mtihani wa kidato cha nne. Hilo lilikuwa linamuuma kuliko baridi, maana akirudi angeuvaa uleule mtihani na wadogo zake.

Jumamosi asubuhi ikawa zamu ya kujitolea, kufungasha vyakula vya msaada kwenye ukumbi wa kanisa. Saa tatu nzima kusimama, maboksi tu. Alishangaa kidogo kuona Wamarekani wamepanga foleni ya maharage ya kopo, halafu akazoea.

Mchana ndo kasheshe yenyewe. Baba wa ile familia ni mkulima wa pamba. Ndiyo, pamba! Mtoto katoka Simiyu, mkoa wa pamba, kavuka bahari, kaangukia kwa mkulima wa pamba. Ile nyanda inayoizunguka Lubbock ni moja ya sehemu zinazolima pamba nyingi kuliko zote Marekani, na Novemba ndo wanavuna, wakati kwetu ndo watu wanaandaa mashamba wapande.

Akampandisha kwenye mashine. Kiti cha kuzunguka, kiyoyozi, redio. Chini mistari ya pamba inamezwa yote, na vijiti, na makapi, na makopa yake. Mashine inasokota pamba tumboni mwake, inaivisha plastiki, halafu inatema robota la duara nyuma bila hata kusimama. Robota moja lina kilo zaidi ya 2,000. Akapiga hesabu pale pale. Mama yake na eka zake tatu, mwaka ule walipata kilo 900, na hizo ni baada ya wiki nyingi za kuinama, vidole vinachubuka na makopa, halafu jioni mnakaa ukumbini kutenga safi na fifi. Ukipeleka fifi imechanganyika na safi kule AMCOS utarudishwa nayo. Hapa mashine inabeba uchafu wote na hakuna anayegomba, kiwanda kitasafisha mbele ya safari.

Hakuona wivu kwa mashine. Yule baba alimwambia mwenyewe kwamba ni ya mkopo wa benki na bei yake inazidi nyumba wanayokaa. Kilichomkaa ni mazungumzo yaliyofuata. Baba akalalamika kuwa mwaka ule bei ya pamba imeanguka kwa sababu ya ugomvi wa biashara kati ya Marekani na China. Akauliza, sasa mnafanyaje? Baba akasema serikali inawafidia, fungu la kwanza lilianza kutoka tangu Agosti. Alisema kawaida tu, kama mtu anayekwambia mvua ilinyesha jana.

Binti akanyamaza. Maana bei ni ileile, ya dunia moja. Kule Simiyu msimu wa 2019 ulifunguliwa kwa bei elekezi ya shilingi 1,200 kwa kilo, dunia ikashuka, wanunuzi wakaanza kusuasua, wakulima wakabaki na karatasi za mizani bila hela. Mama yake alikuwa mmoja wao. Alipeleka pamba Juni. Novemba ile alikuwa amelipwa ya kilo 300 tu.

Usiku wa Jumamosi alipika ugali wa unga wa njano, wakala kwa heshima. Kisha simu zikaenda kulala. Sheria ya ile nyumba ni kwamba saa 4 usiku simu za watoto wote zinawekwa kwenye kikapu jikoni, na asubuhi mnazichukua. Kila Jumapili kaka yake anakuja nyumbani na simu yake ya kupangusa baada ya ibada, saa 8 mchana, ili mama aongee na mtoto. Saa 8 ya Bariadi ni saa 12 asubuhi ya Texas. Hawajawahi kukosana.

Sasa usiku ule Wamarekani wanarudisha saa nyuma. Walimwambia, akacheka, akadhani ni utani. Ilipofika Jumapili, saa 8 ya Bariadi ikawa saa 11 alfajiri kwao. Kaka akapiga. Simu ikalia kikapuni.

Mama wa ile familia alikuwa ameshaamka, yule huwa anaamka na kuku ambao hawafugi. Akaona picha ya mwanamke na khanga inaita, akapokea. Kiswahili hajui. Neno analojua ni moja la Kisukuma, ambalo binti humwambia kila asubuhi kwa utani.

"Mwangaluka!"

Binti aliamshwa na kicheko cha mama yake kinachopanda ngazi. Maana mwangaluka ni ya asubuhi, na kule jua lilikuwa utosini, watu wanaambiana mwadila. Akashuka mbio, miguu peku, akawakuta wanatazamana tu, kila mmoja anacheka kwa lugha yake.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, mwanangu. Huyu mama mbona ameamka usiku? Anaumwa?"

Wakaongea. Mdogo wake amerudishwa shule kwa sababu ya michango. Mvua imegusa Itilima, kwao bado. Hela ya pamba wanaambiwa wiki ijayo. Akamweleza habari ya mashine, akaonyesha na ukubwa wa robota kwa mikono. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Na hao wenyewe," akauliza, "wameshalipwa?"

Binti akageuza macho kidogo. Mama wa nyumba alikuwa amesimama pembeni na kikombe cha kahawa, anatabasamu, akamuuliza kwa Kiingereza mama anasemaje.

"Anasema asante kwa kunitunza."

Halafu bando la kaka likakata, na saa 3 walitakiwa kuwa kanisani.